Cherehani ya Marehemu Mama: Iuzwe au Itunzwe?

 

Mwezi huu tulikuwa tumekusudia kuandika juu ya kuhifadhi mboga wakati wa kiangazi. Tumeiweka kando habari hiyo kwa sababu ya barua moja. Mama mmoja mjane, anayeishi kando ya Ziwa Victoria, ametuandikia kurasa tatu kwa mkono. Anasema mama yake mzazi alikuwa mshonaji, na aliwasomesha watoto wake wanne kwa cherehani ya Singer ya miguu. Mama huyo amekwisha kufariki. Cherehani imekaa stoo miaka mingi, kuku wanalala juu yake, mkanda umekatika na gurudumu halizunguki. Binti wa mwandishi wetu amemaliza mafunzo ya ushonaji na amekaa nyumbani hana cha kushonea. Kaka mkubwa wa mwandishi wetu anataka cherehani iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ipimwe kwa kilo, na kila mtoto apate chake. Na jirani mwenye duka yuko tayari kumkopesha mashine mpya ya umeme, ndogo na nyepesi, ailipe kwa miezi kumi.

Mwishoni mama huyu anauliza: “Je, chuma hiki cha zamani kitashona tena, au ninamdanganya mwanangu kwa sababu nampenda mama yangu?”

Mama mwenzetu, swali lako ni la haki, nasi tutalijibu kwa upana, maana tunajua ziko nyumba nyingi zenye cherehani ya namna hiyo imesimama pembeni ikiwekewa vyombo na chupa za chai.

Jibu fupi ni kwamba cherehani ya chuma ya aina hiyo, kama haijapasuka na kama haijalika sana, mara nyingi hurudi kazini. Kusimama kwake hakumaanishi kufa. Mara nyingi imekwama tu kwa mafuta yaliyoganda. Lakini si kila kitu cha zamani ni kizuri, na tutakueleza jinsi ya kutofautisha kabla hujatumia hata shilingi moja.

Kwanza tuseme kidogo habari za chombo chenyewe. Tunaposoma juu ya Dorkasi wa Yafa, ambaye wajane walimlilia huku wakimwonyesha Petro nguo alizowashonea, tukumbuke kwamba mama yule alishona kwa sindano ya mkononi. Mashine ilikuja karne nyingi baadaye, tena haikupokelewa kwa furaha. Fundi mmoja Mfaransa, Barthélemy Thimonnier, alipata hataza ya mashine ya kushonea mwaka 1830, akaanza kushona sare za jeshi. Mwaka 1831 washonaji wa mjini Paris walivamia karakana yake na kuzivunja mashine, wakiogopa kwamba zitawanyang'anya chakula. Huko Marekani, Elias Howe alipata hataza yake mwaka 1846, na Isaac Singer ya kwake mwaka 1851. Hata kukopesha cherehani kama jirani yako anavyotaka si jambo jipya: mwenzake Singer katika biashara, Edward Clark, alianza kuziuza kwa malipo ya kidogo kidogo mwaka 1856, maana familia nyingi hazikuweza kutoa fedha yote mara moja.

Yatufaa nini kujua hayo? Yatufaa kwa sababu njia ya kushona haijabadilika. Uzi mmoja hutoka juu na sindano, mwingine hutoka chini kwenye bobini, nao hukutana katikati ya kitambaa na kushikana. Cherehani ya bibi yako na mashine mpya dukani zinafanya jambo lile lile. Tena umbo moja la Singer, lile linaloitwa la namba 15, lililoanza mwishoni mwa karne ya 19, lilinakiliwa sana na viwanda vya Japani na China. Cherehani ya Butterfly kutoka Shanghai, ambayo wengi wetu tunaijua kwa picha yake ya kipepeo, ni ya ukoo huo. Ndiyo sababu bobini, kikasha cha bobini, springi na sindano za umbo hilo bado zinauzwa madukani. Singer nyingi zilizofika kwetu zilitengenezwa Clydebank huko Scotland, katika kiwanda kilichofunguliwa katika miaka ya 1880 na kufungwa mwaka 1980. Kiwanda kimekwisha, lakini vipuri havijaisha.

Sasa, mama, tuingie stoo.

Wafukuze kuku kwanza. Toa cherehani nje kwenye mwanga, ifute vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha itazame yote kama unavyomtazama mtoto aliyeanguka. Unatafuta ufa. Kichwa cha cherehani ni chuma cha kusubu. Ni kigumu lakini kikidondoka hupasuka. Ufa kwenye mkono wa cherehani au kwenye kitako chake ni habari mbaya, na hapo hatukushauri utumie fedha. Kutu ya juu juu isikutishe. Meza ikiwa imeliwa na mchwa, hiyo pia isikutishe, maana seremala yeyote anaweza kukata ubao mwingine kwa kipimo cha ule wa zamani.

Kisha tazama kama vitu vyote vipo: bamba dogo chini ya sindano, mguu unaokandamiza kitambaa, visahani vya kukaza uzi, na hasa kile kikasha kinachobeba bobini. Tunasema hasa kikasha, kwa sababu watoto hukipenda kwa kuchezea, na cherehani nyingi zilizosimama zimesimama kwa kukosa kitu hicho kimoja. Kama bobini yake si ya mviringo bali ni nyembamba na ndefu kama kijiti, unayo ya aina ya zamani zaidi. Hiyo nayo inashona vizuri, ila bobini zake hazipatikani kila duka, basi zile ulizonazo zifunge kwenye kitambaa na uziweke pamoja na vyeti vya ubatizo.

Baada ya hapo shika gurudumu la mkono, lile dogo la kichwani, ujaribu kulizungusha, sehemu ya juu ikija upande wako. Likikataa, usilazimishe. Tumeona akina baba wenye nguvu wakilazimisha na kuvunja kilichokuwa kizima.

Gurudumu hukataa kwa sababu mbili za kawaida. Ya kwanza ni uzi uliojiviringisha ndani, pale bobini inapozunguka. Fungua pale, tazama kwa tochi, uuvute uzi kwa kibano au kwa sindano nene. Mara nyingine ugonjwa wote ni huo tu, na mama wa watu ameshakata tamaa kwa ajili ya nyuzi zenye urefu wa kidole. Ya pili ni mafuta ya zamani yaliyogeuka gundi. Hapo dawa ni mafuta ya taa. Tia tone moja moja katika kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma, juu na chini, pamoja na nyuma ya kile kifuniko cha upande wa kushoto. Acha usiku kucha. Kesho yake jaribu kwa upole, mbele kidogo na nyuma kidogo. Likisogea hata upana wa ukucha, shukuru Mungu, ongeza matone, ngoja tena. Kazi hii ifanyike mbali na jiko na kibatari, na matambara yaliyolowa yasilale ndani ya nyumba.

Inaweza kuchukua siku mbili, inaweza kuchukua wiki. Usichoke.

Gurudumu likishazunguka, futa uchafu mweusi unaotoka. Inua lile bamba chini ya sindano utaona meno yanayosukuma kitambaa. Kati ya meno hayo hujaa nyuzinyuzi za pamba zilizoshikamana kama blanketi. Chokonoa kwa sindano, sugua kwa mswaki wa zamani. Kabla ya kufungua skrubu yoyote, chora katika daftari jinsi vitu vilivyokaa, au binti apige picha kwa simu, na skrubu ziwekwe kwenye sahani. Zile nakshi za dhahabu kichwani zifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo sana wa mafuta ya cherehani, basi. Usizipake spiriti, maana spiriti huyeyusha vanishi ya zamani na nakshi zote huondoka nayo.

Mafuta ya taa yameyeyusha gundi, lakini hayalainishi. Yakikauka huacha chuma kitupu. Kwa hiyo lazima ufuatishe mafuta ya cherehani, yale mepesi meupe kama maji, tone moja kila tundu. Chini pia, kwenye kanyagio, kwenye ile fimbo inayounganisha kanyagio na gurudumu kubwa, na kwenye mhimili wa gurudumu lenyewe. Mahali pasipotakiwa mafuta ni visahani vya kukaza uzi, mkanda, na ule mpira mdogo unaozungusha bobini wakati wa kuijaza uzi.

Hapa tuungame jambo. Miaka kadhaa iliyopita, katika kikundi cha wanawake cha usharika wetu, tulikuwa tunashona majoho ya kwaya, Krismasi imebaki siku tisa. Mafuta ya cherehani yakaisha. Mmoja wetu (hatutamtaja, maana amekaa mezani hapa tunapoandika) akaleta mafuta ya kupikia jikoni. Cherehani ikalainika vizuri sana. Tukamsifu. Baada ya sikukuu tukaifunika, na tulipoifunua wiki kadhaa baadaye ilikuwa imekaza kama mlango uliopigwa misumari. Mafuta ya kula yakikaa hugeuka utandu unaonata, nayo ya nazi hali kadhalika, na oili ya gari ni nzito mno. Ilituchukua siku nne na chupa ya mafuta ya taa kurekebisha kosa la dakika moja, na majoho mawili ya sauti ya nne yalitiwa madoa ambayo yapo mpaka leo.

Basi tuje kwenye sindano, ambayo ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho kinachosababisha ugomvi mwingi. Mama, ukishasafisha, usijaribu na sindano iliyokuwemo. Itupe. Sindano iliyopinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni, huruka mishono, na mtu hulaumu cherehani. Kwa vitambaa vya kanga na pamba ya kawaida tumia namba 11 au 14. Kitenge na sare za shule, 14 hadi 16. Jinzi na turubai nyepesi, 16 hadi 18. Sindano ina mfereji mrefu upande mmoja na ubapa shingoni upande mwingine. Uzi huingia kutoka upande wa mfereji mrefu. Ukikumbuka hilo hutakosea kuiweka, hata kama cherehani yako inatungwa uzi kutoka kulia na ya jirani inatungwa kutoka kushoto. Isukume mpaka juu kabisa kabla ya kukaza skrubu. Unapotunga uzi wa juu, mguu wa kukandamiza uwe umeinuliwa, ili uzi uingie vizuri kati ya visahani.

Kwa jaribio la kwanza tumia uzi mweusi juu na mweupe chini, kwenye kipande cha kitambaa kilichokunjwa mara mbili. Vitanzi vikionekana upande wa chini wa kitambaa, kosa liko juu: uzi wa juu umelegea au umetungwa vibaya. Vikionekana juu, kosa liko chini, kwenye bobini. Wengi hufanya kinyume, wanaona vurugu chini na kuanza kuparamia bobini kwa bisibisi. Ile skrubu ndogo ya kikasha cha bobini iogope. Ukiigeuza, igeuze robo tu, na uandike umegeuza upande gani.

Mkanda uliokatika ni jambo dogo. Mikanda ya ngozi ya duara bado inauzwa na huunganishwa kwa kipande cha waya. Zungusha kamba kwenye magurudumu yote mawili upate kipimo, kisha kata pungufu kidogo, maana ngozi hutanuka. Ikilegea baadaye, kata tena kipande kidogo uunge upya. Tunajua wengine hutumia kamba ya katani au mpira wa ndani wa baiskeli. Kwa siku moja ya dharura sawa, lakini huteleza na kumchosha mshonaji.

Na binti yako, kama alifundishwa kwa mashine ya umeme, asikate tamaa siku ya kwanza. Miguu ina ujuzi wake. Aanze bila uzi, ashone karatasi, mpaka aweze kuanza na kusimama bila gurudumu kurudi nyuma. Gurudumu likirudi nyuma uzi hukatika au hujisokota chini, na kazi yote hufumuliwa.

Sasa tuseme kwa haki upande wa pili, maana hatutaki mtu anunue maneno yetu kwa sababu ya mapenzi ya vitu vya zamani. Cherehani ya mama yako inashona mstari ulionyooka tu. Haipigi zigizagi, haifanyi ovaloki, na vitambaa vinavyovutika kama vya fulana na suti za michezo vitaisumbua. Kama wateja wa hapo kwenu wanataka hivyo tu, binti atapata shida. Lakini sare za shule za pamba, magauni ya vitenge, mapazia, mashuka, kanzu, kupunguza na kutia viraka nguo za mitumba, hizo zote ni kazi za mshono ulionyooka. Kingo za ndani zinaweza kumalizwa bila ovaloki: shona kwanza kwa upande wa nje, punguza kingo, geuza, ushone tena kwa ndani, nazo nyuzi hujificha. Ni kazi zaidi, ila nguo haifumuki. Kwa zile zinazohitaji ovaloki kabisa, zikusanywe zipelekwe mara moja kwa mwenye mashine hiyo.

Tuseme pia kwamba si kila cherehani ya zamani ni ya kuokoa. Zile za umeme za miaka ya 1960 na 1970 wakati mwingine zilitiwa gia za nailoni ndani, nazo kwa uzee hupasuka hata kama mashine haikutumika. Cherehani za umeme za zamani huweza kuwa na nyaya ambazo mpira wake umekauka na kubanduka, hizo zisichomekwe ukutani kabla fundi umeme hajazitazama. Na hata ya miguu, ikiwa imefanya kazi ya biashara miaka mingi bila mafuta, vyuma vya ndani hulika. Utajua kwa kulitikisa gurudumu: likicheza sana na kugongagonga ilhali sindano haisogei, umri umekwisha kuingia ndani.

Hiyo mashine ya jirani yako hatuijui, wala hatusemi ni mbaya. Mashine ndogo za nyumbani hupiga zigizagi na matundu ya vifungo kwa urahisi, na kwa mama anayeshonea watoto wake Jumamosi zinafaa sana. Lakini zimefanywa kwa kazi ya nyumbani. Kushona sare arobaini za kitambaa kizito mfululizo si kazi yake, na umeme ukikatika mchana kutwa, deni halikatiki. Uliza mambo mawili kabla ya kutia sahihi: kipuri kikivunjika kitapatikana wapi, na ukishindwa kulipa mwezi mmoja itakuwaje. Kama jirani hawezi kujibu la pili kwa maandishi, sisi tungengoja. Ukitaka mawazo yetu, fufua ya zamani kwanza. Gharama yake ni mafuta, sindano, mkanda na uvumilivu. Binti akiishonea kwa miezi sita na kujua wateja wake ni akina nani, ataweza kununua ya pili kwa fedha yake, akijua anataka nini.

Kuhusu mafundi. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli tunasoma kwamba Israeli hapakuwa na mhunzi, na watu walilazimika kushuka kwa Wafilisti wanoe majembe yao kwa malipo. Kila tusomapo pale tunawakumbuka akina mama wanaobeba kichwa cha cherehani begani kupanda basi kwenda mjini. Wako mafundi waaminifu, na kama unaye mmoja, mtunze. Lakini sisi tumewahi kupeleka cherehani yenye kikasha chake cha asili, kizuri, kikarudi kikasha kingine chepesi kinachopiga kelele, na tulipouliza tukaambiwa ndicho kilichokuwemo. Hatukuwa na ushahidi. Tangu siku hiyo tunaandika namba iliyochongwa kitakoni mwa cherehani, tunaorodhesha kila kipuri mbele ya fundi, na mmoja wetu hukaa pale na kazi yake ya mkono mpaka ifungwe. Fundi mwema hachukii. Huomba hata chai.

Ikishashona, itunze hivi. Kila jioni ya kazi, mswaki kwenye meno na kwenye bobini. Ikitumika kila siku, ipate mafuta mara moja kwa wiki angalau, kisha ishone kitambaa kikuukuu kidogo ili mafuta ya ziada yasiingie kwenye nguo ya mteja. Ifunikwe kwa kitambaa cha pamba. Plastiki huzuia unyevu ndani, na ninyi mlio kando ya ziwa, pamoja na wenzetu wa pwani wenye upepo wa chumvi, mnajua kutu inavyokimbia. Ukiacha kuitumia miezi, izungushe hata hivyo mara kwa mara. Cherehani husimama zaidi kwa kukaa kuliko kwa kushona.

Limebaki la kaka yako, nalo tumelijadili hapa kwa muda mrefu kuliko habari ya mafuta.

Mama, cherehani hiyo ilikuwa ya mama yenu, na ninyi ni wanne. Hata kama wewe ndiye uliyemuuguza, na hata kama ipo stoo kwako, usiifufue kimya kimya ukadhani ugomvi utakwisha ikianza kushona. Utaongezeka, kwa sababu sasa itakuwa na thamani. Waite ndugu zako. Mnunuzi wa vyuma chakavu aseme atatoa kiasi gani kwa kilo zote, ili kila mtu ajue fungu lake ni shilingi ngapi. Tunadhani mtashangaa jinsi lilivyo dogo. Kisha wewe uombe kuwalipa watatu mafungu yao, kidogo kidogo kama ni lazima, na iandikwe kwenye karatasi mbele ya mzee wa kanisa au mjumbe, kwamba cherehani ni ya binti yako. Kama mmoja atasema hataki fedha, aandike hivyo pia. Usitegemee maneno ya mdomo katika mambo ya urithi, hata kati ya watu wanaosali pamoja.

Umetuambia katika ukurasa wa pili, kama kwa kupita tu, kwamba kaka yako alipokuwa mdogo ndiye aliyelizungusha gurudumu kwa mkono usiku, wakati mama yenu miguu ilipovimba, mpaka sare za watu zikamalizika. Mtu wa namna hiyo huenda hataki kilo za chuma. Huenda hawezi kuitazama ikilaliwa na kuku. Kwa hiyo isafishe kwanza, itie mafuta, funga mkanda mpya, na kabla ya kikao hicho cha ndugu mwite peke yake. Usimweleze kitu. Mwekee kiti upande ule ule aliokuwa akisimama, binti akae kwenye kanyagio na kipande cha kitambaa, umwombe mjomba aanzishe gurudumu.